Unaanza utafiti wa afya ya akili kwa data za simu? Soma hii kabla hujagusa kompyuta

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, na nyie mnaotaka kuifanya tasnifu, nawaandikia kwa sababu maswali ninayoulizwa yanafanana na karibu yote yanaanzia mwishoni. Nitumie modeli gani (yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data ili ikisie), niandike kwa Python au R, usahihi ufike asilimia ngapi ndo kazi ikubalike. Hayo yana wakati wake. Swali la kwanza kabisa ni hili: huyu mtu ambaye simu yake inaniletea data, siku yake inaendaje? Usipolijua hilo, hata uwe na data za kujaza diski nzima utakuwa unasoma mwenendo wa simu tu, na mwenye simu humjui.

Kwa ambaye ndo anasikia leo, simu janja ina vihisi vingi. Kuna akselerometa inayojua kama simu inatikisika au imetulia, kuna GPS inayojua simu iko wapi, maikrofoni, kihisi cha mwanga, bluetooth, waifai, halafu kuna vitu ambavyo si vihisi ila vinarekodiwa pia kama skrini kuwaka na kuzima, simu kuwekwa chaji, simu zilizopigwa na kupokelewa. Unamwomba mtu ridhaa, unamwekea programu, inakusanya kimyakimya kwa wiki kadhaa, na humo katikati unamuuliza maswali mafupi ya siku na madodoso kama PHQ-9, ya kupima dalili za sonona (huzuni nzito inayodumu). Baadaye unaangalia kama mwenendo wa simu una uhusiano na alivyojibu.

Anza kwa kuusoma utafiti wa StudentLife, na usome wote, usiishie kwenye muhtasari. Ulifanyika chuo cha Dartmouth, Marekani, muhula wa masika wa 2013, wiki 10, chini ya Andrew Campbell na wenzake. Wanafunzi 60 walianza, 48 wakafika mwisho, wanaume 38 na wanawake 10, na walitoka kwenye darasa la kutengeneza programu za simu za Android. Walichokiona kimetajwa kila mahali tangu hapo: muhula unaanza watu wako vizuri, wanalala, wanaongea na wenzao, halafu kazi za kukusanya zinavyozidi msongo unapanda, usingizi unapungua, maongezi yanapungua, kutembea kunapungua.

Sasa jiulize kwanini ule utafiti ulifanya kazi, maana wengi wanaruka hapa. Watafiti walikuwa wanaishi palepale. Walijua muhula unaanza lini, mitihani ya katikati iko wiki gani, bwalo liko wapi, jimu iko wapi, hosteli zipi ni za nani, na waifai ya chuo ilikuwa imetapakaa kiasi kwamba wangeweza kujua mtu yuko jengo gani. Kwa hiyo simu ikisema mwanafunzi kakaa sehemu fulani masaa manne, walijua ile ni maktaba. Ratiba ya chuo ndo iliyokuwa inawatafsiria namba. Wewe ukichukua programu ileile ukaipeleka Mwanza au Kilifi bila ratiba ya watu wa pale, umechukua nusu ya kazi.

Mfano mzuri ni GPS. Mwaka 2015 Sohrab Saeb na David Mohr na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha kazi ambayo utaikuta kwenye kila orodha ya marejeo. Walichukua watu 40 kwa wiki mbili, 28 ndo wakawa na data za kutosha, wakaona kwamba wenye dalili nyingi za sonona walikuwa na mizunguko michache, muda wao umelundikana sehemu chache, na mwendo wao wa kila siku haufuati saa zilezile. Watu wakafurahi sana, ikaonekana sonona inasomeka kwenye ramani. Kisha 2021 Sandrine Müller na wenzake wakajaribu kitu cha namna hiyo kwa Wamarekani zaidi ya 5,000 wa umri na hali tofautitofauti, na kile kilichofanya vizuri kwa kikundi kidogo cha wanafunzi kikafifia mno, kikawa juu kidogo tu ya kubahatisha. Wala hili halishangazi ukikaa ukafikiri, maana mstaafu anayeshinda nyumbani kwake kwa raha zake na kijana aliyejifungia chumbani kwa huzuni, kwenye GPS wote wawili ni nukta moja ambayo haihami.

Na hapo bado tuko Marekani, njoo huku kwetu sasa. Programu nyingi zinatafuta "nyumbani" kwa kuangalia mtu anakuwa wapi kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi wa usiku programu itamwambia nyumbani kwake ni getini kwa tajiri. Nesi wa zamu atakuwa na nyumba mbili. Dereva wa bodaboda anazunguka mji mzima kila siku, kilomita kibao, vituo kibao, na modeli itamwona ni mtu mchangamfu kuliko wote kumbe ni kazi, na siku anayopumzika na familia yake ndo siku modeli inaingia wasiwasi. Mvuvi wa dagaa Ziwa Victoria anavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wengi hawaingii ziwani kwa sababu dagaa hawafuati taa vizuri, kwa hiyo kila mwezi utaona siku kadhaa katulia, usingizi umebadilika, mizunguko hakuna. Asiyejua mwezi ataandika kwamba kuna kipindi cha kushuka hisia kinachojirudia. Na Pwani au Zanzibar mwezi wa Ramadhani usingizi wote unahama, watu wanaamka daku, usiku kuna tarawehe na matembezi, mchana wanapumzika, skrini zinawaka saa tisa usiku. Ukikusanya data zako zikaangukia nusu kabla ya Ramadhani na nusu ndani yake bila kuweka alama, uchambuzi wako wote wa usingizi uuweke pembeni kwanza.

Halafu kuna suala la simu yenyewe. Vitabu vya wenzetu vinachukulia mtu mmoja simu moja na iko naye muda wote. Huku mama anampa mtoto simu aangalie katuni jioni ili apike, kwa hiyo yale masaa mawili ya skrini ni ya mtoto wa miaka minne. Kuna mtu ana simu janja na kitochi, anayokwenda nayo sokoni au kwenye daladala ni kitochi kwa sababu ya vibaka, simu janja imebaki kwa jirani inachajiwa, na data inasema mshiriki hakutoka nyumbani. Kuna wenye laini mbili tatu. Kuna ukimya wa siku tano ambao si kujitenga na watu, bando limeisha na mshahara bado. Na kumbukumbu za simu zilizopigwa zinazidi kupoteza maana kila siku, kwa sababu watu wamehamia WhatsApp, sauti na maongezi ya video yote huko, mtu anaweza kuwa anaongea na dada yake Muscat kila usiku na kwenye rekodi za laini haonekani kuongea na mtu.

Ndo maana nasisitiza, kabla hujamwekea mtu programu kaa naye umuulize kuhusu simu. Nani mwingine anaishika? Inalala wapi usiku, chini ya mto au sebuleni? Unachajia wapi, umeme ukikatika unafanyaje? Unaenda nayo kazini? Unafanya kazi ya zamu? Unaswali alfajiri? Una safari ya kijijini karibuni, una msiba, una mtihani? Andika majibu yote na uyarudie katikati ya utafiti na mwishoni, kwa sababu maisha yanabadilika. Ni mazungumzo ya nusu saa tu na kwa maoni yangu yana thamani kuliko kihisi chochote utakachoongeza. Ukiweza pia kuwa na mtu wa eneo hilo kwenye timu, si wa kukusaidia kugawa fomu, wa kukaa mezani mnapochambua, hapo umefika mbali sana.

Data zitapotea, hilo lijue mapema. Tangu Android 6 ya 2015 simu ikitulia mfumo unazilaza programu zinazofanya kazi chinichini, Android 9 ikazuia programu hizo kusikiliza maikrofoni, Android 10 ya 2019 ikabana ruhusa ya kujua mahali mtu alipo wakati programu haijafunguliwa, na juu ya hapo watengenezaji wengi wa simu wameweka mambo yao ya kuokoa betri yanayoua programu bila kukuuliza. iPhone ndo kabisa, kumbukumbu za simu na ujumbe haikupi. Kwa hiyo usijaribu programu yako kwenye simu yako nzuri ya ofisini ukaridhika, tafuta simu zilezile ambazo washiriki wako wanazo, Tecno, Infinix, itel, Samsung za bei ya kati, ziache ziendeshe wiki nzima na uangalie nini kimeingia. Programu yako iwe inaandika alama kila baada ya dakika chache kwamba iko hai, vinginevyo hutaweza kutofautisha mtu aliyetulia na simu iliyozimika. GPS usiiwashe muda wote, kuchukua nukta kila dakika kumi kunatosha kwa maswali mengi na betri inasalimika, maana mshiriki akiona chaji inaisha saa saba mchana ataifuta programu yako na atakuwa sahihi. Data itumwe kwa waifai, na kama waifai hakuna lipia bando, isiwe mtu masikini ndo anagharamia utafiti wako.

Na pengo la data lenyewe liangalie kwa heshima. Wengi wanalifuta au wanalijaza kwa wastani kisha wanaendelea. Lakini mtu akizidiwa na sonona anaweza kuacha kuchaji simu, anaacha kujibu maswali, anaizima kabisa, kwa hiyo siku ambazo ungetaka kuziona kuliko zote ndo zinazokosekana. Kwa hiyo hesabu mapengo na yaripoti, angalia kama yanaenda pamoja na alama za dodoso, na kama una namna ya kumuuliza mtu kwa upole nini kilitokea, muulize.

Usingizi nao usiutangaze kwa kujiamini kupita kiasi. Simu haijui umelala, inajua giza, kimya, kutotikisika, na skrini kuzima, basi inakisia. Kazi moja ya mwanzo ya njia hii, ya 2013, ilikuwa na kosa la kama dakika 42 juu au chini, na hiyo ni kwa watu wenye vyumba vyao na simu zao. Kwenye chumba cha kupanga wanacholala wanne na taa ya koridoni inawaka usiku kucha, kosa litakuwa kubwa zaidi. Wewe sema mtu alikuwa na usiku mfupi au mrefu kuliko kawaida yake, inatosha.

Nimesema kuliko kawaida yake, hapo nisimame kidogo. Kinachofanya kazi vizuri zaidi kwenye uwanja huu, kwa ninavyoona, ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Bodaboda na bodaboda huyohuyo wiki mbili zilizopita. Ukimlinganisha na karani wa benki unapima kazi zao tu. Na kwenye kufundisha modeli, data za mtu mmoja zisikae upande wa kufundishia na upande wa kupimia kwa pamoja, kwa sababu modeli itajifunza kumtambua fulani na tabia zake halafu itakupa usahihi mtamu kabisa ambao ni wa uongo, ikikutana na mtu mgeni inaanguka. Saeb, Mohr na Konrad Kording wameliandika hili vizuri mwaka 2017, litafute andiko lao ulisome kabla hujaonyesha namba zako kwa mtu yeyote. Na watu wa Chuo Kikuu cha Washington kwenye mradi wao wa GLOBEM wa 2022 walichukua algorithimu nyingi (kanuni za hesabu ambazo modeli hutumia) zilizokwisha kuchapishwa wakazijaribu kwenye data za miaka tofauti na makundi tofauti, na ubora mwingi uliokuwa umeahidiwa haukuonekana. Kwa hiyo ukipata matokeo ya kawaida usikate tamaa wala usiyapambe, matokeo ya kawaida yaliyopimwa vizuri yana faida kwetu sote.

Sasa PHQ-9, na hapa naomba mnisikilize sana. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama kuanzia 0 mpaka 27, na 10 ndo mpaka unaotumika mara nyingi. Inachuja tu, haitoi jibu la daktari, kwa hiyo usimwite mtu mgonjwa kwa sababu ya alama. Usikae kuitafsiri upya mwenyewe usiku mmoja, kuna matoleo ya Kiswahili yaliyokwisha kupimwa Kenya na Tanzania, yatafute. Lakini hata hayo yasome na watu wa eneo lako, kwa sababu wengi huku huzuni inakuja na kichwa kuuma, mwili kuchoka, moyo kwenda mbio, mawazo mengi, na mtu anaweza kukataa kwamba ana huzuni huku anakueleza yote hayo.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru au kuona bora ufe. Kama huna mpango wa nini kinatokea mtu akijibu ndiyo, usilitume kwenye simu za watu. Mpango maana yake ni mtu mwenye jina kwenye timu anayeona jibu siku hiyohiyo, mshauri nasaha au daktari aliyekubali mapema kupokea watu hao, namna ya kumfikia mshiriki, na maandishi kwenye simu yake yanayomwambia aende wapi sasa hivi bila kusubiri wewe. Jibu kama hilo likikaa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi data) wiki tatu mpaka mchambuzi afungue faili, hatuna cha kujitetea. Na jueni sheria za mnapofanyia kazi. Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Kwa hiyo mshiriki ana sababu ya kweli ya kuogopa kukuambia, na wewe una wajibu wa kweli wa kuyalinda hayo majibu, kaeni na kamati ya maadili mliongee wazi.

Faragha kwa ujumla watu wanaifanyia mzaha wa kufuta majina. Utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake wa 2013 ulionyesha kwamba kwenye data za simu za watu milioni 1.5, nukta nne tu za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Nukta nne! Nyumbani, kazini, kanisani, kwa mama mkwe. Kwa hiyo data ya GPS bila jina bado ni jina. Kokotoa viashiria ndani ya simu pale inapowezekana, tuma umbali na idadi ya sehemu na uache kutuma ramani nzima, namba za simu zifichwe kabla hazijatoka kama programu ya Beiwe ya Harvard inavyofanya. Maikrofoni mimi binafsi naiogopa, hata StudentLife hawakurekodi maneno, simu ilikuwa inatambua tu kama kuna maongezi, lakini bado shangazi aliyekaa pembeni hakusaini fomu yoyote. Kama swali lako halihitaji sauti, iache.

Vibali vianze mapema mno. Tanzania Bara kuna COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa), Zanzibar wana utaratibu wao, Kenya kuna NACOSTI (tume yao ya sayansi) pamoja na kamati ya chuo chako, na juu yake Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na ile ya Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kama seva yako iko nje ya nchi utaulizwa, uwe na jibu. Na ridhaa isomwe kwa sauti kwa Kiswahili cha mtaani, mwonyeshe mtu kwenye simu yake mwenyewe kitakachoonekana, mwonyeshe pia kitufe cha kuzima.

Ukitaka kuanza wiki hii hii huhitaji fedha. Data za StudentLife ziko wazi, zipakue, chagua mshiriki mmoja tu, chora siku zake zote za wiki 10 kwenye karatasi moja, usingizi, mizunguko, majibu ya msongo, na uweke juu yake tarehe za kazi za kukusanya ambazo zimo humohumo kwenye faili. Halafu weka AWARE, programu ya bure iliyotokana na kazi ya Denzil Ferreira huko Oulu, Finland, kwenye simu yako mwenyewe kwa wiki mbili na kila usiku andika kwenye daftari siku ilivyokwenda, ulilala saa ngapi, ulikuwa na nani, nani alishika simu, umeme ulikatika lini, moyo ulikuwaje. Mwisho weka daftari na data pembeni kwa pembeni, kila penye tofauti andika sababu, na hayo maandishi ndo umpelekee msimamizi wako pamoja na pendekezo la utafiti.